Huyo Mwache Tu, Nina Mwingine Nyumbani

Tangu Jumamosi jioni, Mama Pacha, mwenzangu katika kikundi chetu cha akina mama, amekuwa akimsimulia kila mtu aliye na masikio jambo lililonipata pale soko la Burma, Nairobi, na kila akilisimulia linanenepa. Kwa hiyo naomba nirekebishe machache kabla halijafika kwa wazazi wangu kijijini. Sikulala kituo cha polisi. Hakuna mchinjaji aliyenitolea kisu. Kisu alikuwa nacho tayari, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Wala sikumtupa mtoto barabarani. Mengine yote anayoyasema ni ya kweli, na hilo ndilo linaloniuma.

Ninyi mnaonifuata tangu nijifungue mnakijua kikundi chetu: akina mama tisa tuliokutana kwenye benchi la kliniki, kila mmoja ameshika kile kijitabu cha Mama na Mtoto, machozi yakiwa karibu, tukaamua kwamba badala ya kila mtu kulia kwake peke yake ni heri tulie pamoja kwa zamu. Mimi ndiye niliyekuwa hoi kuliko wote. Majuma mawili ya kwanza chuchu zangu zilipasuka, ikawa kila mtoto akifungua kinywa mimi nauma ncha ya leso. Niliamini kwamba sina maziwa, kwa sababu mama mkwe alisema sina, majirani wakasema sina, na mtoto mwenyewe akasema hivyo hivyo kwa sauti iliyowashinda wote. Muuguzi mmoja ndiye aliyeketi nami robo saa akanionyesha kwamba kasoro haikuwa maziwa bali namna nilivyompakata mtoto. Alikuwa ameng'ang'ania ncha ya chuchu tu, kama mtu anayevuta soda kwa mrija, ilhali alipaswa kupanua kinywa, kidevu kiguse titi, na mdomo wa chini ugeuke nje. Muuguzi akaongeza kwamba maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa, na kwamba titi linalonyonywa mara 8 hadi 12 kwa siku halipati nafasi ya kukauka.

Baada ya juma moja nilikuwa nimepona. Baada ya majuma mawili nilikuwa nimejipa ualimu. Mnanijua.

Sasa, mwalimu hana budi kuwa na vifaa. Tulikuwa na titi la kufuma kwa sindano, la uzi wa kahawia na chuchu ya uzi mweusi, na tulikuwa na mwanasesere tuliyemnunua soko la Gikomba kwa shilingi 250, mwenye jicho moja linalofumba akilazwa na jingine lisilofumba hata umfanye nini. Tatizo lake lilikuwa wepesi. Mama hawezi kujifunza kushikilia shingo na mgongo wa mtoto kwa kitu chenye uzito wa soksi. Basi nikatoa wazo, nalo wazo ni langu kabisa, sitamsingizia mtu, kwamba tumfumue mgongo tumjaze njahi, yale maharagwe meusi, mpaka afike kilo 3, uzito wa mtoto mchanga wa kawaida. Isitoshe, njahi ndizo ambazo akina mama waliojifungua wamekuwa wakipikiwa katika nyumba nyingi za Wakikuyu ili maziwa yaongezeke, kwa hiyo tukaona zimemfaa hata kimaana. Tukamshona, tukamvisha kofia, tukamfunga blanketi la manjano. Anakaa kwa kila mmoja wetu kwa zamu.

Jumamosi zamu ilikuwa yangu. Tulikwenda mtaa wa Umoja kumtembelea mama mmoja, mzazi wa siku tisa ambaye alikuwa akilia kabla mtoto hajaanza kulia. Mwanangu nilimwacha na nyanya yake, kwa kuwa alikuwa amechanjwa jana yake chanjo ya majuma 14 na hakuwa na hamu ya safari, nikamwachia kikombe cha maziwa niliyoyakamua. Somo lilikwenda vizuri mno, na hapo ndipo kosa lilipoanzia, kwa maana mtu akinisikiliza mimi siachi kuzungumza. Aliniuliza atafanyaje miezi yake mitatu ya likizo ikiisha. Nikamweleza kwamba Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea, na ampe mama muda wa kunyonyesha au kukamua usiozidi saa moja katika saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Nikamweleza pia kwamba kule kazini kwangu mahali hapo ni stoo, ambamo mimi hukamua nikiwa nimeegemea makatoni ya karatasi huku mtu akibisha hodi kutafuta stepla. Tulipotoka ilikuwa saa nane mchana, na mimi nilikuwa sijanyonyesha tangu saa tatu asubuhi. Wanaojua wanajua. Matiti yalikuwa kama mawe ya kusagia.

Tukapanda matatu. Mama Pacha akaenda kiti cha nyuma kabisa. Mimi mzee mmoja aliniona na blanketi langu la manjano, akaniachia kiti cha dirishani, akalifunga dirisha ili upepo usimpige mtoto. Ningemwambia ukweli pale pale, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia leo. Lakini kiti kilikuwa kimekwisha kutolewa, nami nilikuwa nimechoka, na jamani, kiti cha bure Barabara ya Jogoo hakirudishwi. Mama aliyeketi kando yangu akasema, "Huyu mtoto ametulia kweli." Nikasema asante. Akauliza ana muda gani. Nikasema ana wiki sita. Sijui nilizitoa wapi hizo wiki sita.

Tukikaribia Burma, simu ikalia. Alikuwa mama mkwe, akinijulisha kwamba kikombe kimekwisha, mjukuu wake analia, na nipitie sokoni ninunue mifupa ya supu kwa kuwa ni dhahiri maziwa yangu yamepungua. Nilikuwa naanza kumweleza, kwa heshima zote, kwamba hayajapungua hata kidogo na kwamba yalikuwa karibu kutoka bila ruhusa yangu, kondakta alipogonga mlango na kutangaza Burma. Nikanyanyuka na mkoba wangu na simu yangu. Nikashuka. Blanketi la manjano likabaki kitini.

Naomba sasa twende polepole, kwa sababu hivi ndivyo kisa hiki kinavyojirudia kichwani mwangu kila nikifumba macho.

Kondakta alinikimbilia akiwa amembeba mwanasesere kwa mikono miwili, kwa uangalifu ambao baba wengi hawana, akipiga kelele, "Mama! Mama, umemsahau mtoto!" Simu ilikuwa sikioni, na mama mkwe alikuwa katikati ya sentensi, na mama mkwe akiwa katikati ya sentensi mtu hamkatizi. Nikageuka nusu, nikapunga mkono, nikasema kwa sauti ya mtu anayekataa mfuko wa plastiki: "Aa, huyo mwache tu, nina mwingine nyumbani."

Nilimaanisha amwache kwa Mama Pacha, kule nyuma. Hilo lilikuwa wazi kabisa akilini mwangu.

Wanaoijua Burma wanajua kwamba hapanyamazi. Ni soko la nyama. Mashoka yanashuka kwenye magogo tangu alfajiri na watu wanaitana kwa sauti za kushindana na mashoka. Jumamosi ile palinyamaza. Nililiona shoka moja likiwa limesimama hewani juu ya mfupa wa ng'ombe, na mwenye shoka akinitazama mimi. Yule mama tuliyeketi pamoja alitoa kichwa dirishani, akasema, "Ni wa wiki sita!" Asante sana, mama.

"Amesema ana mwingine?" mtu akauliza.

Nikakata simu na kuamua kusema ukweli mtupu, na nawaapia kwamba tangu dakika ile sikusema uongo hata neno moja.

"Jamani, huyo si wangu," nikasema. "Ni wa kikundi."

Duara likaanza kujikunja.

"Kikundi gani?"

"Tuko akina mama tisa. Tunampokezana. Leo ilikuwa zamu yangu."

Mwanamume mmoja mwenye aproni iliyolowa damu akaniuliza, kwa upole wa kutisha, mtoto huyo tulimtoa wapi. Nami, mwalimu, niliyezoea kujibu swali lililoulizwa na si lile ambalo lingefaa kuulizwa, nikajibu: "Tulimnunua Gikomba."

"Mlimnunua?"

"Kwa mia mbili na hamsini."

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Kondakta akamkumbatia mwanasesere kifuani, akaapa kwamba hamrudishii mtu yeyote. Mama mmoja muuza vitunguu akataka apewe yeye, kwa kuwa mwanamume hajui kumshika mtoto. Kondakta akakataa, akasema amemshika vizuri tangu kwenye gari. Nikapiga kelele, "Mwangalieni mgongo! Atafumuka!" Kelele hiyo haikunisaidia. Mama akavuta miguu, kondakta akavuta mabega, mshono wangu ukasema tra-a-a, na kilo tatu za njahi zikamwagika juu ya viatu vya umati.

Hapo walirudi nyuma hatua tatu kwa pamoja, kama kwaya. Njahi ni nyeusi, kila moja na kamstari kake keupe, na zilikuwa zikibingirika taratibu kuelekea mtaroni huku watu wakizitazama bila kupumua. Kofia ikaanguka. Mwanasesere, akiwa amelegea kama glavu mikononi mwa kondakta, alifumba jicho moja na kuuelekezea umati lile jingine. Kijana mmoja akainama, akaokota njahi moja, akaigeuza, akasema: "Lakini hizi ni njahi."

"Ndivyo nilivyokuwa nataka kuwaeleza," nikasema.

Mngedhani aibu imefika mwisho wake. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini pembeni mwa umati kulikuwa na msichana aliyembeba kichanga cha kweli, nacho, kwa kelele zile, kikaanza kulia. Ile homoni inayosukuma maziwa, iitwayo oksitosini, haina adabu na haibagui watoto; mama akisikia kilio, hata cha mtoto asiyemjua, maziwa yaweza kushuka. Yangu yalikuwa yamengoja saa tano. Nilikuwa nimevaa blauzi ya kijivu. Yalianza kama sarafu mbili za shilingi, yakawa sahani mbili, yakakutana katikati, na umati mzima wa soko la Burma, wachinjaji, wapiga debe na wabeba mizigo, ulishuhudia bila kupepesa jicho.

Bibi mmoja muuza matumbo ndiye aliyeniokoa. Alipenya akisukuma watu kwa viwiko, akanitazama kifuani, akawageukia: "Huyu ananyonyesha. Mna wazimu? Tawanyikeni!" Kisha akajifungua leso yake kiunoni, akanizungushia kifuani na kuifunga nyuma ya shingo kama anayemvisha mtoto. Niliyasoma maandishi yake baadaye, kwenye kioo cha nyumbani. Nilikuwa nimetembea kutoka Burma hadi kwangu nikiwa nimeandikwa kifuani MTOTO UMLEAVYO NDIVYO AKUAVYO.

Na Mama Pacha, mnauliza, alikuwa wapi muda huo wote? Alikuwa dirisha la nyuma. Neno lake moja lingeyamaliza yote. Mama Pacha hakuweza kutoa neno. Alikuwa amelala juu ya abiria mwenzake akilia kwa kicheko, na matatu ikaondoka naye.

Yaliyofuata ni mafupi. Yule msichana mwenye kichanga alinijia kwenye kibanda cha chai cha yule bibi, akaniuliza chinichini kama ni kawaida kunyonyesha kuume hivi. Mtoto wake alikuwa na majuma matatu, naye alikuwa karibu kumwanzishia maziwa ya kopo na maji ya sukari. Mwanasesere alikuwa amekufa kikazi, basi nikalitoa lile titi la uzi mkobani, nikamwonyesha pale pale. Bibi naye akarekebisha kiwiko cha msichana kwa mkono unaonuka matumbo, akasema amenyonyesha saba na hakuhitaji titi la uzi. Mtoto akashika. Msichana akashusha mabega. Sasa tuko kumi. Mchinjaji mwenye shoka aliniongezea mifupa bila kunilipisha, kisha akauliza, akiangalia pembeni, kama lile titi linauzwa.

Njahi zilizookotwa zilifika kama kilo mbili. Mama mkwe alizipika Jumapili, akazisifu, na akasema anaona maziwa yamerudi. Sikumweleza zilikotoka. Leso ya bibi nimeifua, nitaipeleka Jumamosi kwa miguu, nikipitia nyuma ya soko.

Mwanasesere ameshonwa kwa uzi wa viatu na kujazwa mchele. Zamu ijayo ni ya Mama Pacha, ambaye atampeleka Kayole kwa matatu. Nami nitapanda hiyo hiyo, nikae kiti cha nyuma kabisa.