Steringi Gani Huyu Hapigi Mtu

Naomba niseme jambo moja kwa heshima zote, na nitalisema taratibu kwa sababu mimi si mtu wa ugomvi. Mtu aliyeangalia picha ya saa tatu akiwa ameinamishwa kichwa, ananyolewa kisogo, macho yanatazama magoti yake mwenyewe, huyo hana haki ya kusimama mbele za watu na kutamka "muvi mbovu." Aseme amenyolewa vizuri au vibaya. Huko ndiko aliko na ushahidi.

Jumamosi kwa kinyozi unaijua. Benchi la watu wanne limekaliwa na saba, feni inatupulizia nywele za watu tusiowajua, na juu ya kioo kuna runinga ya inchi 32 iliyoning'inia kama inafikiria kushuka. Fundi simu wa kibanda cha pili kaleta flashi. Ndani yake Oppenheimer, muvi ya yule mwanasayansi wa bomu la atomiki, ile ya mwongozaji Christopher Nolan ya mwaka 2023, iliyobeba Oscar saba mwaka uliofuata. Dakika 180. Faili lenyewe GB 1.2.

Hapo naomba tusimame kidogo. GB 1.2 kwa saa tatu! Ukipiga hesabu, kila sekunde inapata kama megabiti 0.9, wakati diski halali ya Blu-ray hula ishirini na zaidi. Sasa aliyeibana alipunguza wapi? Kwenye giza, moshi na vumbi, maana programu ya kubana inadhani huko hakuna anayeangalia. Ndiyo maana usiku wa jangwani umegeuka vigae vya bafuni. Halafu jamaa wa mwisho wa benchi anatoa hukumu: "Hela zote hizo, mbona wamerekodi kwa simu?"

Kwa simu! Mkanda wake wa IMAX, ule wa kumbi za skrini kubwa kupita kiasi, wa milimita 70, ulikuwa na urefu wa kilomita 18 hivi. Unautandaza Dar kutoka Kivukoni mpaka Kimara Mwisho na unabaki wa kufungia mzigo. Uzito karibu kilo 270, na kumbi zilizoweza kuuonyesha mkanda huo duniani kote zilikuwa 30. Sisi tumeletewa kwenye flashi iliyopoteza kifuniko, halafu wa kulaumiwa awe Nolan.

Basi. Mashtaka ya kwanza yaliletwa na jamaa wa bodaboda, ambaye hakuvua hata helmeti. "Steringi gani huyu hapigi mtu?"

Benchi likanyamaza, maana swali ni zito. Sisi tumekulia kwenye mabanda ya video yenye sheria mbili tu: steringi hafi, na adui mkubwa anapigwa mwisho. Huyu steringi kavaa kofia, anavuta sigara, anaandika ubaoni.

"Anapigana kwa akili," akasema mwalimu wa tuisheni.

"Basi angeenda kwenye chemsha bongo."

Mara akatokea Robert Downey Jr. Kijana aliyekuwa kwenye kiti, upande mmoja wa kichwa umeshashuka na mwingine bado msitu, akataka kusimama na kitambaa chake: "Iron Man huyo!" Kuanzia dakika hiyo hakuna tena aliyeangalia muvi. Benchi zima likawa linasubiri avae chuma.

"Lakini si alikufa?"

"Alikufa 2019, kwenye Endgame. Nimeona kwa macho yangu."

"Sasa karudije?"

"Huyo pacha wake," akasema muuza maji, kwa sauti ya mtu anayeijua familia.

Mwalimu akajitahidi. Kwamba mwigizaji ni mmoja, wahusika ni wengine. Kwamba hapa anaitwa Lewis Strauss, mkubwa wa serikali mwenye kinyongo. Kwamba ni kwa kazi hii ndipo kapata Oscar ya mwigizaji msaidizi. "Kapata Oscar bila chuma?" akauliza bodaboda, na akaangalia pembeni kama mtu aliyeibiwa. Mimi nilijua kwamba mwaka 2024 Marvel, wenye Iron Man wao, walitangaza atarudi akiwa Doctor Doom, yaani adui kabisa. Sikulisema. Ningelisema, mpaka sasa tungekuwa pale.

Na karibu kila Strauss anapotokea, picha inakuwa nyeusi na nyeupe. Hapo fundi simu akaitwa kazini. Akapanda kwenye stuli, akashika waya nyuma ya runinga, akatikisa. Kwa bahati mbaya kabisa, sekunde ileile Nolan alirudi kwa Oppenheimer, na rangi zikarudi.

"Si mnaona? Waya."

Watu wakampongeza. Strauss akatokea tena, rangi zikaondoka, fundi akapanda, akatikisa, akashuka kwa ushindi. Mara ya tatu akatoa bisibisi. Nikamwambia kwa upole, kaka, hiyo imefanywa makusudi: penye rangi tumo kichwani mwa Oppenheimer, penye nyeusi na nyeupe tunamtazama Strauss na mambo yake. Kodak, watengeneza mikanda ya picha, walilazimika kutengeneza mkanda mpya wa nyeusi na nyeupe kwa ajili ya kamera za IMAX, kwa sababu haukuwahi kuwepo. Fundi akanitazama kutoka juu ya stuli. "Kodak hawajui runinga hii," akasema. Na ni kweli, hawaijui.

Malalamiko yaliyofuata nayakubali kidogo: maneno hayasikiki. Nolan hapendi kuwarudisha waigizaji studio kurekodi upya sauti zao. Anatumia ileile iliyopatikana siku ya kupiga picha, na kamera za IMAX zina kelele zake. Hilo ni lake. Lakini lipo na letu. Sauti ya ukumbini inagawanywa njia sita, na maneno mengi yanapita ile ya katikati. Runinga ya kinyozi ina spika mbili, tena zinatazama sakafuni. Njia sita zikikunjwa kuwa mbili, muziki unapanda mgongoni mwa maneno. Dawa yake haihitaji fundi: ingia menyu ya sauti, zima ile sauti ya kuzunguka, weka stereo, kisha chagua hali ya habari au ya mazungumzo. Nilisema hivyo. Kinyozi akajibu rimoti ina betri za kubembeleza, haziwezi kuingia menyu na kutoka salama.

Watu wakaanza kupiga miayo. Kinyozi akaona wateja watamsinzilia, akasogeza mbele mpaka kwenye bomu.

Jaribio lenyewe ni la kweli, alfajiri ya tarehe 16 Julai 1945, jangwani New Mexico. Hesabu inashuka, vinanda vinapanda, hata bodaboda kafungua kioo cha helmeti. Mwanga mweupe ukajaa saluni nzima. Halafu kimya. Pumzi za mtu tu, nazo kwa mbali.

Sasa hapa panahitaji elimu ndogo. Mwanga unafika papo hapo. Sauti inatembea mita 340 hivi kwa sekunde. Ukisimama kilomita 16 kutoka kwenye mlipuko, unasubiri karibu sekunde 47 ndipo usikie kitu. Nolan aliamua tusubiri na sisi. Jambo zuri sana, ukumbini watu husahau hata kutafuna. Kwa kinyozi likaitwa hitilafu.

"Sauti imekata," akasema kinyozi. Mkono mmoja mashine, mkono mwingine rimoti, anapandisha sauti. Sitini. Sabini na tano.

"Hiyo kodeki," akasema fundi simu. "Sauti ya DTS, runinga za namna hii haziisomi."

Jamani. Hilo ni tatizo la kweli, ila si la leo. Runinga isiyoisoma DTS, yaani namna hiyo ya kufungasha sauti, inakuwa bubu tangu mwanzo wa faili. Haikai muda wote huo inaongea vizuri halafu isubiri bomu ndipo ikumbuke haijui lugha. Nilifungua mdomo niseme.

Tisini. Mia.

Bomu likafika.

Kioo kilitetemeka. Chupa ya spiriti ikaanguka ikabingirika chini ya benchi. Mzee aliyekuwa amelala kwenye kona, redio kifuani, akapiga shahada. Muuza maji alikuwa nje tayari, ndoo kaiacha ndani. Na mkono wa kinyozi, ule wenye mashine, ulienda. Ulianza kwenye paji la uso la yule kijana ukaishia utosini, barabara moja iliyonyooka.

"Sasa hiyo ndiyo sauti," akasema bodaboda.

Kijana alijitazama kwenye kioo muda mrefu kuliko ule wa Nolan. "Kaka, umenifanya nini?"

"Tulia mdogo wangu, hiyo staili."

"Staili ya wapi?"

"Ndiyo inaingia."

Tukaamua kwa kura kwamba kichwa kiwe kipara. Hapo ukaanza ubishi mpya, kwamba bei ya kipara ni ndogo kuliko ya kuchonga na kijana kishalipa, kwa hiyo arudishiwe mia tano. Ubishi huo ulikuwa na hoja nzuri kuliko zote zilizotolewa kuhusu muvi.

Na bodaboda, ambaye nilikuwa nimeshamdharau kabisa, akatoa lake: "Bomu lenyewe dogo. Kama lori la mafuta." Inaniuma kukiri, lakini hapo kasema. Nolan hakutaka mlipuko wa kompyuta, akachoma vitu halisi: petroli, gesi, unga wa alumini na magnesi. Ukiukaribia sana moto wa petroli kwa kamera, ndimi zake zinapendeza, lakini macho yanautambua kuwa ni moto wa petroli. Wanaojua kazi wamebishana hilo tangu 2023. Mwenzetu kaligundua akiwa na helmeti kichwani.

Fundi simu naye akadai sauti imerekodiwa vibaya, inakwaruza. Spika imepasuka! Umeipeleka mia, imepasuka, sasa inakwaruza, na kosa ni la muvi!

Samahani. Nilisema mimi si mtu wa ugomvi.

Kuna wale wanaokutolea mapato. Wakishindwa hoja wanakwambia Barbie ilitoka siku ileile, tarehe 21 Julai, na iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.4, kwa hiyo ndiyo bora. Ugali unauzwa kuliko pilau. Nani kasema ugali ni mtamu kuliko pilau?

Kuna wanaosema Dune ya 2021 haina mwisho. Wameandikiwa mwanzoni kabisa kwamba ni sehemu ya kwanza, ila wakati huo walikuwa wanatafuta chaja.

Kuna aliyekuja na Mufasa ya 2024, analia kuwa simba mtoto wa mfalme kaitwa Taka. Huyo sikubishana naye. Ukoo mzima wa kifalme, wakakosa jina, wakafagia uwanja. Na Rafiki, yule nyani mganga wao, kwa sura ile ni mandrili, mnyama wa misitu ya Gabon na Kameruni. Nauli ya kufika savana alilipiwa na nani?

Na huyu wa maandishi ya chini yanayowahi au kuchelewa! Anabonyeza G na H kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video, usiku kucha, anayasogeza, yanakaa sawa, dakika kumi baadaye yamepotea kama sekunde 25. Ndugu yangu, hayo yametengenezwa kwa muvi ya fremu 25 kwa sekunde na wewe una ya 23.976. Kusogeza hakusaidii, yanatofautiana mwendo. Tafuta maandishi yanayolingana na faili lako, ulale.

Halafu fundi simu akaahidi wiki ijayo ataleta nakala safi ya GB 9. Ataileta kwenye nini? Flashi yake imepangwa kwa mfumo wa FAT32, faili likizidi GB 4 haliingii. Akiibadilisha kuwa exFAT, runinga ya kinyozi inaweza isiione kabisa. Niliyasema haya kwa sauti ya kawaida, lakini hakuna aliyenisikia, kwa sababu sauti ilikuwa bado mia. Baada ya bomu, Oppenheimer anaingia ukumbini kuhutubia, na watu wanakanyaga mbao kwa miguu, du du du, kwa spika iliyopasuka, na rimoti imekata roho.

Rimoti hiyo inakula betri mbili. Kinyozi akavua saa ya ukutani, akatoa moja. Ya pili akaichomoa taratibu kwenye redio ya yule mzee, ambaye alikuwa amesharudi usingizini baada ya shahada yake. Sauti ikashuka mpaka kumi na mbili. Amani. Saa ya ukutani ikabaki saa tisa na robo.

Mzee akaamka, akaitikisa redio, akaisogeza sikioni, akaipiga kofi mbili. Akainua macho kwenye runinga, akamwona steringi anashangiliwa na ukumbi mzima.

"Huyu jamaa," akauliza, "kafunga dakika ya ngapi?"