Watawa wa Tibeti na somo la ubongo

Mwaka 2014 monasteri kubwa za Watibeti walioko uhamishoni kusini mwa India, zikiwemo Sera, Drepung na Ganden, zilianza kuwafundisha watawa wao fizikia, biolojia na sayansi ya ubongo. Mtaala wa miaka sita uliandaliwa pamoja na Chuo Kikuu cha Emory cha Marekani, kwa msukumo wa Dalai Lama mwenyewe, kiongozi wa kiroho wa Watibeti.

Wanaounga mkono wanasema mtawa ni mwanafunzi aliyenolewa tayari. Ni kweli. Anayesomea geshe, shahada ya juu ya elimu ya Ubudha wa Tibeti, hutumia takriban miaka 20, na sehemu kubwa ni mijadala ya uani: mmoja ameketi akijibu, mwenzake amesimama mbele yake, anatupa swali huku akikanyaga ardhi na kupiga kofi la nguvu. Jibu legelege halipiti. Mtu wa namna hiyo akielezwa kwamba seli za neva hupashana habari kwa kemikali zinazovuka mwanya mdogo baina yao, lazima aulize maumivu yenyewe yako wapi: kwenye kemikali, kwenye seli, au pengine?

Wenye wasiwasi nao wana hoja. Muda wa maandiko unapungua, ingawa hilo naliona dogo. Zito ni hili: Ubudha wa Tibeti unafundisha kwamba fahamu huendelea baada ya kifo na kuingia maisha mengine, ilhali darasa la ubongo kwa kawaida huanza na dhana kwamba akili ni kazi ya ubongo tu. Kipimo kikionyesha sehemu fulani ya ubongo inachangamka mtu anapoogopa, kimeonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja. Kipi ni chanzo cha kipi ni swali jingine. Mwalimu asiyetenganisha hayo anahubiri. Lakini mtawa naye hawezi kupita kando ya dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji, inayozima fahamu kwa kugusa ubongo. Dalai Lama ameandika kwamba sayansi ikithibitisha fundisho fulani si kweli, Ubudha utabidi ubadilike. Kauli hiyo ina gharama, na namheshimu kwa kuitoa.

Kinachonifanya niunge mkono masomo haya ni kwamba watawa wamekuwa wakipimwa ubongo na watafiti kwa miaka mingi. Utafiti maarufu wa 2004 wa kundi la mtafiti wa ubongo Richard Davidson, Wisconsin, Marekani, ulikuta mawimbi ya gama, yaani mawimbi ya umeme wa ubongo yenye kasi kubwa, yakiwa na nguvu isiyo ya kawaida kwa wataalamu 8 wa kutafakari, wenye saa 10,000 na zaidi za mazoezi, wakilinganishwa na wanafunzi 10 wa kawaida. Sifa zilienea dunia nzima. Mtawa aliyesoma takwimu na umeme wa ubongo anaweza kumuuliza mtafiti, kwa ukali uleule wa uani: watu 8 wanatosha? Na mnajuaje kwamba hawakuwa hivyo kabla hawajaanza kutafakari?