Farasi hakunipiga teke: ya Matatlán kwa mdomo wangu mwenyewe

Naona tangu juzi kundi la wana Muheza halilali. Swahiba wangu, ambaye simtaji maana anajijua, kashatangaza kwamba nilikwenda Meksiko, nikalewa chakari, nikapigwa teke na farasi. Farasi hakunigusa. Na kulewa nako kunataka muda, mimi hata huo muda sikupewa.

Kwa mliochelewa: jamaa tunayefanya naye kazi hapa Houston kwao ni Santiago Matatlán, jimbo la Oaxaca, mji unaojiita makao makuu ya mezcal duniani, ile pombe kali ya huko inayopikwa kwa mmea ndugu wa mkonge. Baba yake ndiye mpishi, watu wanamwita maestro, na akifungua mdomo hakuna anayemkatiza. Tukaalikwa nyumbani, mimi na swahiba, tukaenda. Mama, kama umo humu, ilikuwa juisi.

Sasa mnanijua mimi na mkonge. Babu alifika Tanga kama manamba, akakata mkonge mpaka mgongo ukagoma kunyooka. Nilipoona lile shamba la espadín, huo mkonge wao wa mezcal, safu kwa safu, majani yenye miiba yamesimama kama nyumbani kabisa, kichwa kikavimba. Nikaanza kumsomesha mzee wa watu. Nikamwambia mkonge wetu asili yake ni huko huko kwao, Yucatán. Kwamba mwaka 1893 Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1,000 kupitia Florida na Hamburg, ikafika Tanga hai 62, na kutoka hiyo 62 yakatoka mashamba yote mnayoyajua. Kwa hiyo, maestro, sisi ni ndugu. Jamaa anatafsiri, mimi natembeza mikono.

Mzee akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na nyinyi mnaufanyia nini?"

Nikasema tunakata majani, tunatoa katani ya kamba na magunia.

"Na kiini?"

Nikasema kiini tunakiacha shambani.

Mzee alinitazama kama mtu aliyesikia kwamba kuna ukoo unakula maganda ya ndizi na kutupa ndizi. Maana wao ni kinyume chake. Majani hufyekwa yakatupwa, kinachotakiwa ni kile kiini, kimekaa ardhini miaka 7 au 8, kilo 50 si ajabu. Wanakifukia kwenye shimo lenye mawe ya moto siku kadhaa, kinatoka cheusi, kitamu, kinanuka moshi. Kisha kinasagwa kwa gurudumu la jiwe linalovutwa na farasi (ndiye huyo, mshikeni vizuri), kinachachuka kwenye mapipa ya mbao, halafu kinapikwa kwenye mtambo wa shaba mara mbili.

Baada ya aibu ya kiini nikawa na deni la heshima, na nililipa vizuri tu. Tone la kwanza nikamwagia ardhi kama wao. Nikanywa kidogo kidogo, wenyewe husema mezcal hubusiwa, habari ya kugida na kulamba limau waachieni watalii. Nikala vipande vya machungwa na ile chumvi yao nyekundu, ambayo ndani yake mna funza wa mkonge, wamekaangwa wakasagwa na pilipili. Aliyetema alipoambiwa ni funza si mimi. Hilo kwenye kundi hamkuandikiwa, eti?

Basi mzee akapenda. Akanipa mwanzi.

Huu mwanzi ni mwembamba, urefu wa mkono hivi. Mpishi anauchovya kwenye mezcal, anavuta kwa mdomo kinywaji kidogo, anaziba tundu kwa kidole, kisha anakiachia kichuruzike ndani ya kibuyu kilichokatwa nusu. Yanatokea mapovu, wanayaita lulu. Yakikaa ukingoni bila kupasuka, kinywaji kiko sawa. Kwa macho tu mzee anajua ukali. Na kilichokuwa chini ya mtambo saa ile ni yale matone ya mwanzo kabisa, yanayopita asilimia 60.

Akanionyesha: vuta taratibu, simama, ziba. Mimi nilichoelewa ni vuta.

Nikavuta kama navuta dafu kwa mrija pale Raskazone.

Kwanza hakuna kitu. Utamu na moshi tu, nikawaza, kumbe rahisi. Kisha kile kitu kikafika kwenye njia panda ya koo, na badala ya kuchagua kikagawana. Nusu ikaenda kifuani. Nusu ikapanda puani, polepole, niliisikia ikipita chumba kwa chumba. Machozi yakatoka kabla sijaamua kulia. Pumzi ikasimama. Mashavu yamejaa, macho yamenitoka, na akili, mjue, iko timamu kabisa, inapiga hesabu ya wapi pa kutemea. Mbele yuko maestro. Kushoto mtambo na moto chini yake, na asilimia 60 na moto havitaniani. Nyuma farasi. Kulia yuko bibi, mama yake maestro, kashika sahani ya machungwa, ananitabasamia.

Nilijaribu kumeza. Naapa nilijaribu.

Bibi alipata yote. Uso, mtandio, machungwa, mpaka kwenye nywele zile nyeupe alizozisuka na utepe. Kukawa kimya, hata lile jiwe likaacha kusaga. Bibi akafumba macho. Akajipangusa paji la uso kwa kiganja, bila haraka. Kisha akalamba mdomo wake wa juu, akatafakari, akalamba tena, akamgeukia mwanawe akasema kitu kwa Kizapoteki. Watu wakaanguka chini kwa kicheko. Jamaa naye hawezi kutafsiri, ameshika tumbo. Alipopata sauti akasema, "Bibi anasema bado kali, tieni maji."

Kwetu mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hata kusifiwa bado, na mama yake keshamwagizia maji, kwa sampuli iliyotoka puani mwangu.

Farasi ameingiaje? Nilikuwa na kibuyu mkononi, nikakiweka chini ili nikaombe radhi kwa mikono miwili. Vile vibuyu kitako chake ni mviringo, havisimami bila kitako cha kusuka. Kikabingirika mpaka chini ya farasi, nikakifuata kwa magoti, farasi akanipulizia pumzi ya moto shingoni, nikapiga yowe. Swahiba alianza kurekodi hapo, kwenye yowe. Ya nyuma hana, na teke kajazia mwenyewe.

Mengine ya kawaida: nilipewa maji, nililala kwenye kitanda cha bembea, bibi alibadilisha mtandio akarudi na machungwa mengine, safari hii akakaa upande wa pili wa meza. Mzee alifanya alivyoagizwa na mama yake. Mjukuu anaolewa Disemba na bibi mwenyewe ndiye aliyesema niitwe. Mpiga video hakualikwa, na mniwie radhi, sina la kumsaidia.