Geuza galoni usome nyuma

Ingia duka lolote la spea pale Mwanakwerekwe useme unataka oili ya injini, utaulizwa "nzito au nyepesi?" kisha utaulizwa una shilingi ngapi. Muuzaji wa kuuliza injini yenyewe ni ipi ni nadra kumpata. Kwa mwenye Suzuki Carry au Noah, hilo halina madhara makubwa. Kwa mwenye BMW, Mercedes, Audi au Volkswagen, na siku hizi Unguja hawa wameongezeka, hapo ndipo hasara inapoanzia, kimyakimya, na gari haitasema kitu mpaka miaka miwili mbele.

Msimamo wangu ni huu. Kwenye gari ya Ulaya cha kwanza kuangaliwa ni kibali cha aliyeitengeneza gari, ile namba ndogo iliyojificha nyuma ya galoni chini ya maelezo ambayo hakuna anayeyasoma. Namba ikiwepo, mengine tutazungumza: bei, jina la kampuni, uzito. Isipokuwepo sinunui, hata galoni iwe imeandikwa "sintetiki" kwa herufi za dhahabu.

Najua nitakavyojibiwa, maana jibu ni lile lile kila gereji: "Sheikh, huku kwetu joto. Hizo oili za maji maji ni za Ulaya kwenye baridi. Tia 20W-50, au tia namba 40 kabisa, injini itulie." Fundi anayesema hivyo si mjinga. Mkono wake umekulia kwenye Land Rover na Peugeot 504, injini zenye nafasi pana baina ya chuma na chuma, hazina turbo, na namba 40 zilikuwa zinaipenda kwelikweli. Ila hoja ya joto haisimami. Januari na Februari, kiangazi kikituchoma kisawasawa, Mjini tunafika nyuzi 33 hivi. Ujerumani nako kiangazi hufika 35 na kupita, na gari zao zinakimbizwa barabara kuu kwa mwendo ambao kisiwa chetu hakina hata pa kuujaribia, zikiwa na 5W-30 ile ile tunayoiogopa. Kisha injini haiongozwi na jua la nje. Inaongozwa na themostati na rejeta. Oili ikishapata moto hukaa karibu na nyuzi 100, gari iwe Munich au iwe Mkunazini.

Na hapo kwenye baridi ndipo watu wanapopotea. Ile 5 ya mbele kwenye 5W-30 inahusu oili inavyotiririka injini ikiwa bado haijapata moto. 30 ya nyuma ndiyo uzito wake kwenye nyuzi 100. Si lazima ianguke theluji. Injini iliyolala Fuoni usiku kucha kwenye nyuzi 26 ni injini baridi, na saa hiyo 20W-50 ni nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30. Turbo inaisubiri, vali za kubadilisha taimingi zinaisubiri, na kile kifaa kinachokaza cheni ya taimingi kinaisubiri pia, maana kinakaza kwa nguvu ya oili. Ukiwasha asubuhi ukasikia mlio wa sekunde mbili tatu, kama mtu anatikisa funguo ndani ya kopo la bati, ujue cheni imezunguka huku imelegea. BMW za dizeli zenye injini ya N47 zimejijengea sifa mbaya kwa cheni hata zikitiwa oili sahihi, sembuse zikitiwa oili nzito.

Lakini tuseme umekubali, ukaomba 5W-30. Bado hujanunua kitu. Chukua galoni mbili uziweke sambamba juu ya kaunta, zote zimeandikwa 5W-30 mbele, zote sintetiki. Igeuze ya kwanza: API SP, ILSAC GF-6, basi. Hiyo ni oili nzuri, na IST ya jirani yako itaishukuru. Igeuze ya pili: ACEA C3, MB-Approval 229.51, VW 504 00/507 00, BMW Longlife-04. Uzito ni mmoja, oili ni mbili tofauti. Kwenye maabara oili hupimwa pia ikiwa nyuzi 150 huku inasagwa kwa nguvu, namna inavyosagwa kwenye beringi za injini. Ile ya kwanza inatakiwa kubaki na unene wa angalau 2.9, ya pili angalau 3.5. Mbele ya galoni pote pameandikwa 30 tu.

Sababu ni kwamba watengenezaji wa Japani kwa kawaida wanatosheka na viwango vya API, ya Marekani, na ILSAC, ambayo Wajapani wenyewe wamo. Wa Ulaya wana viwango vyao vya pamoja vya ACEA, vilivyoanza kutumika 1996, kisha kila mmoja akaweka mtihani wake juu yake. Volkswagen ana 502 00 kwa petroli na 505 00 kwa dizeli za zamani, halafu 504 00 na 507 00 kwa zilizofuata. Mercedes ana familia ya 229: 229.3, 229.5, 229.51, 229.52. BMW ana Longlife-01 na Longlife-04 na ndugu zao. Renault, Peugeot na Porsche nao wana zao. Unaweza kusema huo ni ujanja wa biashara, na kidogo ni kweli. Lakini angalia injini ya Peugeot na Citroën ya PureTech 1.2, ambayo mkanda wake wa taimingi unazunguka ndani ya oili yenyewe. Tia oili isiyo yake, mkanda unaanza kuchambuka, vipande vinakwenda kuziba mdomo wa pampu ya oili. Ujanja gani tena hapo?

Ukisoma nyuma ya galoni, tofautisha kibali na sifa za kujipa. Palipoandikwa "MB-Approval 229.5" pana maana kwamba Mercedes wenyewe wameipima na kuikubali. Palipoandikwa kwamba oili "inafaa" pale inapotakiwa 229.5, hiyo ni ahadi ya mwenye kuuza. Huenda ni mkweli, mimi nataka ya Mercedes. Na hakuna haja ya kubishana dukani, kwani Mercedes huweka mtandaoni orodha ya oili zote walizoziidhinisha, kwa jina, namba kwa namba. Humo utakuta majina usiyowahi kuyaona kwenye tangazo lolote, yamekaa jirani na yale makubwa. Oili ya jina geni yenye kibali naitia bila wasiwasi. Oili ya jina kubwa isiyo na kibali cha gari yangu inabaki dukani.

Kuna swali moja gumu zaidi, nalo ni kati ya oili zenye jivu kidogo na zile za zamani. Gari ya dizeli yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na nyingi zinazotoka Uingereza zinacho, inataka oili ya jivu kidogo kama ACEA C3, jivu lisizidi asilimia 0.8. Masizi yanaweza kuchomwa na gari yenyewe ikiwa safarini. Jivu la oili halichomeki, linabaki humo humo mpaka kichujio kizibe. Kwa hiyo hapo hakuna mjadala. Lakini mwenye petroli ya 2006 isiyo na kichujio, C3 wa nini? Jivu lile linatokana na dawa za kuua asidi. ACEA A3/B4, zile za zamani zenye jivu zaidi, inatakiwa kuwa na akiba ya angalau 10 ya dawa hiyo, C3 angalau 6. Asidi yenyewe inaletwa kwa kiasi kikubwa na salfa ya mafuta. Afrika Mashariki ilishusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua kubwa na ya kushukuriwa, lakini Ulaya wako kwenye 10. Si bure BMW waliruhusu Longlife-04 kwenye injini za petroli za huko Ulaya tu. Kwa BMW E90 (ile 3 Series) ya petroli iliyoko Unguja mimi naona Longlife-01 ndiyo yake, inapatikana kwenye 5W-30 na 5W-40, na ukitaka kumridhisha fundi mchukulie hiyo 5W-40.

Kujua gari yako inataka namba ipi ni kazi rahisi inayokwamishwa na jambo dogo. Gari nyingi za Ulaya hapa zimepitia Japani, kwa vile na wao usukani wao uko kulia kama wetu. Ukifungua droo unakuta kitabu cha Kijapani kitupu, na kwenye nguzo ya mlango kuna stika ya duka la oili la huko, tarehe, kilomita, na maandishi usiyoweza kuyasoma isipokuwa "5W-30". Nimeona stika hiyo ikigeuzwa fatwa. Ile ni risiti ya sevisi ya mtu mwingine, pengine ya duka lililotia kilichokuwepo. Chukua namba ya chesisi, herufi na tarakimu 17, uangalie pale chini ya kioo cha mbele, tafuta injini yako ni ipi, kisha pakua kitabu cha Kiingereza cha gari hiyo hiyo. Ukurasa wa oili ni mmoja tu.

Kuhusu neno sintetiki lenyewe sitakawia. Tangu uamuzi wa 1999 huko Marekani, oili ya madini iliyosafishwa na kugeuzwa kwa haidrojeni inaruhusiwa kuuzwa kwa jina hilo. Ujerumani hawakubali kirahisi hivyo, ndiyo maana galoni zao nyingine zimeandikwa HC, kifupi cha usafishaji huo wa haidrojeni. Zote zinaweza kupata kibali, na zikikipata zinanitosha.

Muda wa kumwaga ni kitu kingine, na hapa ndipo ninapowakatalia Wazungu. Volkswagen wanakubali hadi kilomita 30,000 au miaka miwili kwa oili ya 504 00. Hayo ni maisha ya mtu anayesafiri mji hadi mji. Unguja yote haifiki kilomita 90 kutoka ncha hadi ncha. Gari ya Mjini inatoka Bububu hadi Darajani, inazimwa, inawashwa, inakaa na eyakondisheni mbele ya skuli kumsubiri mtoto. Kilomita haziongezeki ila injini inafanya kazi, na petroli isiyoungua pamoja na unyevu vinaingia kwenye oili na havipati safari ndefu ya kuvikausha. Kwa hiyo hesabu miezi. Miezi sita, au kilomita 7,000, chochote kitakachotangulia, na nitabishana na yeyote anayeniambia ni ubadhirifu.

Siku ya kumwaga, kaa hapo hapo gereji. Kwanza kwa sababu ya ujazo. Fundi aliyezoea kwamba galoni moja ya lita 4 inamaliza IST na kubaki, anaweza kukushangaa ukimletea mbili kwa Mercedes ya V6 ya M272, ambayo inakunywa lita 8, au BMW ya N52 ambayo inataka 6.5 na haina hata stiki ya kupimia. Unasoma kiwango kwenye dashibodi. Pili kwa sababu ya filta. Nyingi ni za karatasi, zinakaa ndani ya kikombe chenye kifuniko cha plastiki, na juu ya kifuniko cha BMW pameandikwa 25 Nm, yaani kiasi cha nguvu ya kukikazia. Kikikazwa kwa bomba la chuma na hasira kinapasuka. Pete nyeusi ya mpira inayokuja na filta ibadilishwe, isitupwe pamoja na boksi, kama nilivyoona ikifanywa. Na kabla galoni haijafunguliwa, tazama kama namba iliyochapwa ubavuni imefutwafutwa na kama karatasi ya chini ya mfuniko ni nzima. Ikishamiminwa yote, ombeni msumari muitoboe. Kijana anayezunguka kuzikusanya galoni tupu huenda anazipeleka kwa wauza maji, huenda anazipeleka kwa wanaozijaza oili ya kuchuja. Kwako zimekwisha kazi.

Imebaki hali ya dharura. Baadhi ya injini za Volkswagen na Audi za TSI, za 1.8 na 2.0 za kuanzia 2008 hadi 2012 hivi, zinakula oili kwa sababu ya ringi za pistoni, na taa ya njano ya kiwango cha oili haichagui mahali pa kuwaka. Ikiwaka ukiwa Makunduchi na duka lililo wazi lina oili ya bodaboda na 20W-50 peke yake, zima, subiri, tia hiyo 20W-50 kidogo kidogo mpaka kiwango kipande juu ya alama ya chini, urudi Mjini kwa mwendo wa taratibu. Ukiikuta ya A3/B4, Volkswagen wenyewe wanaruhusu uongeze isiyo ya namba yao, isizidi nusu lita, mara moja tu hadi sevisi inayofuata. Kwa 20W-50 hakuna ruhusa hiyo, kwa hivyo mwaga yote ukifika, na siku hiyo hiyo nunua lita moja ya oili yako uiweke kwenye buti.