Utafiti Mseto katika Uuguzi: Takwimu na Masimulizi Vikutane

Mwanafunzi wa uuguzi akiniletea pendekezo la utafiti lenye maneno "mkabala mseto", yaani utafiti unaounganisha takwimu za dodoso na masimulizi ya mahojiano, huwa namuuliza kwanza: hizo sehemu mbili zitakutana wapi? Wengi hujibu, "Sura ya tano, kwenye majadiliano." Basi namrudishia karatasi yake akaifikirie upya.

Nisieleweke vibaya. Mkabala huu naupenda, na kwa kazi yetu ya uuguzi na ukunga naona hatuna namna ya kuukwepa. Ninachokipinga ni ile desturi ya kugawa dodoso mia mbili, kufanya mahojiano na watu kumi, kisha kuandika ripoti mbili ndani ya jalada moja.

Chukua suala la heshima kwa mama anayejifungua. Dar es Salaam watafiti waliwauliza wanawake 1,914 wakiwa bado hospitalini baada ya kujifungua, na asilimia 15 wakasema walitendewa vibaya. Wanawake 64 kati yao wakafuatwa baada ya wiki nne hadi sita. Safari hii asilimia 70 wakasema hivyo hivyo. Kweli, 64 ni wachache, na nisingejenga sera juu yao peke yao. Lakini mkoani Tanga, katika Staha, mradi wa kupunguza kutendewa vibaya kwa akina mama wanaojifungua, mwelekeo ulikuwa ule ule kwa idadi kubwa zaidi: asilimia 19 hivi walipohojiwa wakitoka kituoni, na asilimia 28 walipohojiwa wiki tano hadi kumi baada ya kujifungua.

Sasa muuguzi mkuu apeleke namba ipi kwenye kikao?

Ukishafanya kazi wodi ya wazazi, tofauti hiyo haikushangazi. Mama amekaa kwenye benchi, mtoto kafungwa kanga, mama mkwe ameshika beseni na chupa ya chai, bajaji inasubiri getini. Anakuja mtu mwenye dodoso, pengine amevaa koti jeupe kama waliomzalisha usiku ule. "Mama, ulihudumiwaje?" Atajibu, "Nashukuru, walinisaidia." Wala hadanganyi. Mtoto yu hai, naye yu hai, na wiki ijayo atarudi hapo hapo kliniki. Mfuate nyumbani arobaini ikishapita, ukae naye mkekani bila haraka, ndipo atakusimulia kwamba alijifungua akiwa peke yake kitandani, na kwamba alipoita aliambiwa asipige kelele. Jibu la benchini ni lake, na la mkekani ni lake. Anayebeba la kwanza tu ataandika kwamba huduma ni nzuri. Anayebeba la pili tu hataweza kusema ni akina mama wangapi yamewapata.

Kuna upande mwingine ambao hojaji ya mteja haiufikii kabisa, nao ni wa muuguzi mwenyewe. Mahojiano mazuri humwacha aseme: niko zamu ya usiku na akina mama wengi kuliko vitanda, glovu zimekwisha, mashine ya presha ni moja na inazunguka wodi mbili. Hilo halihalalishi kumfokea mzazi, na sitakubali litumike kama kisingizio. Ila ukitaka kubadilisha tabia ya mtu, lazima ujue anafanya kazi katika hali gani.

Staha waliliona hilo. Baada ya kupima ukubwa wa tatizo, waliwakalisha pamoja wanajamii, watumishi na viongozi, wakatengeneza mkataba wa kuheshimiana kati ya mteja na mtoa huduma. Kisha hospitali iliyokuwa kwenye mradi ikatafuta marekebisho yake yenyewe. Yalikuwa mambo madogo madogo: mapazia ya kumsitiri mama anapopimwa na kujifungua, tangazo ukutani la vifaa vilivyoisha ili mama asidhani nesi anamficha, na chai kwa watumishi. Hiyo chai ndiyo inayonigusa zaidi. Dodoso gani la majibu ya ndiyo na hapana lingeizaa? Halafu wakarudi kwenye takwimu. Wakilinganisha na hospitali ya pili ambayo haikupata mradi huo, uwiano wa uwezekano (odds, yaani waliotendewa vibaya wakilinganishwa na wasiotendewa) wa mama kutendewa vibaya ulipungua kwa asilimia 66. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Bila hesabu hiyo, mapazia na chai vingebaki hadithi nzuri ya semina.

Ndiyo maana nasisitiza mpangilio. Kama unaanza na takwimu, basi zikuchagulie wa kuhoji. Tafuta mama aliyetoa alama za juu kabisa ilhali kadi yake inaonyesha uchungu uliochukua muda mrefu mno, au kituo kimoja ambacho majibu yake hayafanani na ya vingine. Hilo linadai kila dodoso liwe na namba ya siri ya kumrudia mhusika, na fomu ya ridhaa iseme wazi tangu siku ya kwanza kwamba huenda akafuatwa tena. Ukisubiri mpaka data zote ziingie kwenye kompyuta, kamati ya maadili haitakuruhusu, na itakuwa na haki. Kama unaanza na masimulizi, maswali ya dodoso yatoke kwenye vinywa vya akina mama wenyewe, yasiwe yamenakiliwa kutoka utafiti wa nchi nyingine.

Na tuwe wakweli kuhusu muda. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ana miezi michache, bado ana zamu, na pesa ya nauli anajitolea mwenyewe. Huyo nitamshauri afanye mahojiano tu, ayafanye kwa kina, au afanye takwimu tu kwa sampuli inayotosha. Wa uzamili nitamdai jedwali moja kabla sijasaini: safu ya kwanza anachotarajia kukihesabu, ya pili atakachouliza kwa mdomo, na ya tatu atafanya nini iwapo hivyo viwili vitapingana. Safu ya tatu ikiwa tupu, hatujaanza.