Asante kwa Mchango Wako

Mjomba wangu wa Busia hajawahi kulipa ahadi ya harusi tangu nipate akili. Kuahidi anaahidi vizuri mno. Husimama, akafunga kifungo cha koti, akataja kiasi polepole kama anayehesabu noti, watu wakapiga makofi, akakaa. Kuanzia hapo ukimtafuta utaambiwa yuko ng'ambo, upande wa Kenya, na simu haishiki. Kwa hiyo mkisikia kwamba Jumapili moja mjomba huyo alishukuriwa rasmi kwa kumaliza kulipa laki tano, jueni kuna mtu alikosea. Mtu mwenyewe ni mimi.

Harusi ilikuwa ya binamu yangu. Mikutano ya harusi kwetu ni kazi ya kutosha: kila Jumapili saa kumi, viti vya plastiki chini ya mwembe, mwenyekiti, katibu, na shangazi mweka hazina pamoja na daftari lake la kurasa 96. Mle ndani ya daftari mlikuwa na ahadi za watu 214, wa hapa na wa ng'ambo, zimefutwa, zimeandikwa upya, nyingine zimelowa soda. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Kampala na PHP, lugha ya kuandikia kurasa za intaneti, ya miezi minane kichwani, na mtu wa PHP ya miezi minane akiona daftari hukosa usingizi.

Nikasimama nami nikaahidi: shilingi 150,000, na juu yake ukurasa wa intaneti ambapo kila mtu ataona ameahidi nini na amelipa nini. Makofi niliyopigiwa yalikaribia ya mjomba.

Shangazi ndiye hakupiga. Aliniita pembeni. “Mwanangu, huo ukurasa nani anauandika kila siku? Watu wanalipa asubuhi, wanalipa usiku.”

“Hauandikwi na mtu, shangazi. Unajiandika wenyewe.”

Alinitazama kwa namna ya kunihurumia. Nikatafuta mfano wa Busia. Nikamwambia: dereva wa lori akifika mpakani haingii ofisini. Anabaki barabarani na lori lake, anampa wakala karatasi, wakala anaingia ndani, anazunguka dirisha hili na lile, anatoka na karatasi zimeshagongwa mhuri. Yaliyotendeka ndani dereva hayaoni, anaona mhuri tu. Simu yako ndiyo dereva, seva, ile kompyuta inayotunza ukurasa, ndiyo ofisi, na skripti yangu, yale maagizo niliyoandika, ndiyo wakala: ukifungua ukurasa, yeye anaingia kwenye hifadhidata, anauliza ni nani amelipa, anaandika ukurasa papo hapo na kukuletea ukiwa tayari.

Shangazi akafikiri. “Na wakala akikosea?”

“Huyu hakosei, shangazi. Anafanya alichoambiwa tu.”

Bado nalikumbuka jibu hilo usiku nikikosa usingizi.

Wiki mbili mambo yalikwenda vizuri. Nilikuwa na kiburi, sikatai. Niliwaeleza hata wasiouliza kwamba PHP ilianzishwa na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliyetaka kujua ni watu wangapi wanasoma wasifu wake kwenye intaneti, na mwaka 1995 akaitoa kwa kila mtu aitumie. Yeye alihesabu wasomaji, mimi nilihesabu wadaiwa. Nilijiona tumo katika ukoo mmoja.

Jumapili ya tatu katibu akafungua ukurasa kwenye simu yake na kuanza kusoma orodha kwa sauti. Akafika kwa mjomba. “Mjomba wetu mpendwa, ahadi, shilingi mia tano.”

Kimya. Kuku alipita, tukamsikia anavyokanyaga majani.

“Mia tano ya Kenya au ya hapa?” mtu akauliza kutoka nyuma, kwa nia njema kabisa. Mpakani swali hilo ni la haki. Mia tano ya Kenya ni elfu kumi na kitu za Uganda. Mia tano ya hapa hata rolex, chapati ya kukunjwa na mayai, ya kando ya barabara hupati, labda ukubaliane na muuzaji aitoe mayai.

Mjomba alisimama. Alikuwa na hasira ya mtu anayesingiziwa kutolipa kidogo wakati nia yake ilikuwa kutolipa kingi. “Nilisema laki tano! Mbele ya watu! Huyu mtoto na kompyuta yake ananishusha hadhi!”

Kosa nililiona upesi. Katibu alikuwa ameiingiza ahadi ile kama anavyoandika kumbukumbu za mkutano, na mkato katikati: 500,000. PHP ukiiambia igeuze maandishi ya namna hiyo yawe namba, inasoma tarakimu kuanzia kushoto, ikigonga mkato inasimama palepale. Imepata 500, imeridhika, wala haiulizi mtu. Dawa yake ni mstari mmoja wa kuondoa mikato kabla ya kugeuza.

Nikafungua laptopu pale pale chini ya mwembe. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, betri asilimia 11, na mjomba amesimama nyuma ya shingo yangu akipumua. Nikauandika ule mstari moja kwa moja kwenye seva, pasipo kuujaribu popote. Laki tano ikarudi. Mjomba akafunga kifungo cha koti.

Hapo ningefunga kompyuta ningekuwa mtu wa heshima mpaka leo. Lakini mwenyekiti akasema, “Maadamu umeifungua, kijana, waliolipa watumie ujumbe wa shukrani sasa hivi. Shukrani huvuta wengine.” Tulikuwa tumeshalipia ujumbe 1,000 kwa kampuni moja ya kutuma ujumbe kwa wingi. Betri asilimia 7. Nikaandika mbio: mpitie kila mtu kwenye orodha, na

if ($hali = 'amelipa')

basi tuma shukrani.

Wanaojua wameshashika kichwa. Kwa wengine: katika PHP alama mbili za sawa ni swali, “je, hali yake ni amelipa?” Alama moja ni amri, “iwe amelipa!” Nami niliweka moja. PHP hailalamiki, kwa sababu amri ile ni halali. Inatekeleza, kisha inatazama kama kilichowekwa ni kitu au si kitu. Neno “amelipa” ni kitu, kwa hiyo jibu ni ndiyo. Kwa mtu wa kwanza ndiyo, wa pili ndiyo, mpaka wa 214. Hifadhidata yenyewe ilibaki inajua ukweli wote. Hakuna aliyeiuliza.

Nikabonyeza. Kompyuta ikazima.

Simu zikaanza kulia. Ya kwanza, ya pili, halafu zote kwa pamoja kama vyura baada ya mvua. Mjomba akatoa yake, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti ili kila mtu asikie: “Ndugu, tumepokea mchango wako wote. Asante. Mungu akubariki. Kamati ya Harusi.”

Nilitegemea mtu acheke. Hakucheka mtu. Nilikuja kuelewa baadaye: kila mdaiwa alidhani kosa limemwangukia yeye peke yake, na aliyeokota bahati hapigi kelele. Kwa hiyo wote walikaa wakitabasamu kwa upole, wakirudisha simu mifukoni taratibu. Sijawahi kuona kikao cha ukoo chenye amani kiasi hicho.

Mwenyekiti naye akaangalia nyuso zile, akahesabu mlio wa simu, akafikia uamuzi wake. “Ndugu zangu, naona watu wamemaliza! Basi tuongeze ng'ombe wa pili, na bendi itoke Kisumu.”

“Daftari langu lina 6,150,000,” shangazi akasema.

“Daftari ni mambo ya zamani, dada. Hii ni kompyuta.”

Usiku umeme uliporudi nilisoma msimbo wangu mara moja tu, nikahisi jasho limenitoka mpaka kwenye nyayo. Nikafanya nilichodhani ni uungwana. Niliweka alama ya pili, nikajaribu kwa namba yangu, kisha nikawatumia wale ambao hawajalipa ujumbe mwingine: “Samahani, ujumbe wa kwanza ulitumwa kwa makosa. Bado unadaiwa. Tafadhali lipa kwa namba ya mweka hazina.”

Sasa fikiria wewe ni mtu wa Uganda mwenye simu. Ujumbe unaoanza na samahani, unaotaja makosa, unaomalizia na pesa tuma huku: umeshapata mingapi ya namna hiyo mwaka huu? Kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimejibiwa “mwizi wewe tumekujua,” mtu mmoja alinitumia aya ya Biblia kuhusu moto, na kwenye kundi la WhatsApp la familia likawekwa onyo kwa herufi kubwa: JIHADHARINI NA MATAPELI WANAOTUMIA JINA LA KAMATI. Aliyeliweka ni mjomba.

Mwisho shangazi alifunga kitenge, akachukua daftari, akaniambia nipande boda nyuma yake. Siku nne tulizunguka nyumba kwa nyumba. Kila mlango tulioonyeshwa simu, yeye alionyesha daftari, na sikuona simu iliyoshinda. Ng'ombe wa pili alirudishwa kabla hajafunguliwa kamba. Bendi ya Kisumu haikujua hata kama iliwahi kuitwa. Rafiki yangu mmoja wa Kampala alinishauri niwe naandika swali kinyume, neno mbele na jina la hali nyuma, ili nikisahau alama moja PHP igome yenyewe; ndivyo ninavyoandika sasa, na wenzangu hunicheka.

Mjomba tulimkosa. Alikuwa ng'ambo. Siku ya harusi alikaa meza ya mbele, na ule ujumbe alikuwa ameupiga picha, ameuweka kwenye status.

Jioni, watu wakikunja viti, shangazi alinikuta nyuma ya hema. Alilamba kidole, akafungua daftari ukurasa wa mwisho.

“Hapa kuna 150,000 ya mtu fulani wa kompyuta. Sijaiona.”

Nikatoa simu, nikautafuta ujumbe wangu wa Jumapili ile, nikamwonyesha.