Gia za betri kwenye baiskeli ya milimani: umeme si tatizo

Ukitaja gia zisizo na waya, yaani zinazohamishwa na mota ndogo ya betri badala ya kuvutwa na waya, mbele ya waendesha baiskeli wa Dar es Salaam, utaulizwa kwanza habari ya umeme. Ukikatika usiku mzima, asubuhi utabadilishaje gia? Watu wanacheka na mjadala unaishia hapo. Mimi naona hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Betri ya AXS, gia za namna hiyo kutoka kampuni ya SRAM, ina uzito wa gramu 25 hivi, inajaa kwa takriban saa moja, na mtengenezaji anaihesabia saa 20 za kuendesha. Chaja yake inakula umeme wa USB, kwa hiyo pawabenki unayochajia simu inatosha. Kitufe cha kwenye usukani kina betri yake, ile bapa ya CR2032 inayokaa kwenye rimoti za magari. Anayeweza kukumbuka kuchaji simu hawezi kushindwa na hili.

Tena, ukilinganisha siku ya balaa, betri inaushinda waya. Betri ikikuishia njiani, cheni inabaki kwenye gia uliyokuwa nayo. Waya ukikatika, springi inauvuta ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni mpaka kwenye sproketi ndogo kabisa, yaani gia nzito kuliko zote, na huenda ndio kwanza unaanza kupanda vilima vya Pugu. Fundi mjanja ataubana mkono kwa skrubu au kipande cha mti ili ubaki katikati, ufike nyumbani. Asiye mjanja anasukuma.

Na waya wa gia kweli hauna maisha marefu huku kwetu. Kila unapobonyeza, chuma chembamba kinavutwa ndani ya ganda lake kwa umbali uliopimwa. Kikikwama kidogo tu, cheni inasita kati ya gia mbili na kukereketa. Hewa ya chumvi ya Kigamboni inaanza na kofia ndogo za mwisho wa ganda, kisha kutu inaingia ndani. Msimu wa masika matope ya Kisarawe yanamalizia kazi. Dalili yake naijua: kupanda gia nyepesi unaweza, kwa sababu kidole gumba kinalazimisha, ila kurudi kwenye nzito ni mpaka uitikise baiskeli, maana kazi hiyo imeachiwa springi peke yake. Mfumo usio na waya hauna mahali pa kuingilia kutu ya namna hiyo. Mota inasogeza mkono kwa kiasi kilekile leo na mwezi ujao, na jiwe likiugonga, mota inajiachia kisha inarudi mahali pake.

Basi mbona bado simshauri kila mtu anunue? Kwa sababu ya bei ya kuharibikiwa. Waya mpya na ganda lake ni mambo ya elfu chache Kariakoo, na fundi yeyote anaujua. Seti ya kubadilishia ya GX Eagle AXS, mojawapo ya matoleo ya SRAM ya milimani, yenye mkono wa nyuma, kitufe, betri na chaja, ilipotoka mwaka 2021 ilikuwa kama dola 600 Marekani. Piga kwa shilingi 2,500, unapata milioni moja na nusu kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Kipande ghali kuliko vyote humo ndicho kinachoning'inia chini, upande wa cheni, kikisubiri kisiki cha mkorosho. Kujiachia kwa mota kunaokoa kwa kugongwa kidogo. Fimbo ikiingia kati ya cheni na spoku, hakuna programu itakayokusaidia. Hapo unaagiza upya na kungoja mtu anayetoka Dubai, naye akumbuke kuwa betri ya akiba ya lithiamu inabebwa mkononi ndani ya ndege, haiingii kwenye begi la kupakiwa.

Halafu kuna hesabu ambayo wengi huifanya wakiwa wameshalipa. Baiskeli nyingi za mtumba mjini zina gia 7, 8 au 9 nyuma na tatu mbele. Eagle AXS inataka sproketi 12 na cheni yake. Sproketi za meno 10 hadi 52 hazivai kitovu cha kawaida cha gurudumu la nyuma, zinataka cha aina ya XD. Sproketi za NX, toleo jingine la SRAM, zenye meno 11 hadi 50, zinavaa kitovu cha kawaida, na kwa mtu wa Dar hiyo ndiyo njia ya busara. Toleo la Transmission la mwaka 2023 ndilo gumu zaidi: linafungwa moja kwa moja kwenye fremu yenye nafasi ya UDH, yaani kiwango cha sehemu ya kushikia mkono wa nyuma kilichoanza 2019. Fremu ya zamani haina, na hakuna tupa itakayoipa.

Kwa hiyo pesa ikiwa ni moja, ningeanza na tairi nzuri na breki za mafuta. Tofauti yake utaihisi kwenye mteremko wa kwanza. Gia za betri ningemwachia mshindani, mwenye fremu ambayo waya hupita ndani na kumtesa fundi nusu siku, na yule ambaye kidole gumba chake hakina nguvu tena. Huyu wa mwisho hata asisite, maana kitufe kinabonyezwa kama cha rimoti.

Wengine tunaweza kungoja. SRAM walianza kuziuza za milimani mwaka 2019, na washindani wao Shimano wakaja na zao zisizo na waya 2025, kwa hiyo za mwanzo zitazidi kuuzwa kama mitumba huko Ulaya. Ukikutana nayo kwenye mzigo wa kontena, angalia kwanza kama betri na chaja vipo. Betri ile inachomolewa kwa vidole viwili, na muuzaji wa kule anaweza kuwa ameibakiza nyumbani kwake.